Direkteri Hataki Taa

Nitasema mapema nisije nikaonekana mnafiki: Direkteri amenichosha. Amenichosha kama jirani, amenichosha kama mwalimu wangu wa zamani, na zaidi ya yote amenichosha kama mtu anayekaa na mtumbwi wake mdogo katikati ya giza la ziwa, mahali hasa ninapopitisha boti. Nyumba zetu hapa Baraka zinatenganishwa na ua wa matete tu. Asubuhi namsikia akisukutua kinywa, jioni namsikia akiwakosoa watangazaji wa redio kama vile wamo sebuleni kwake. Alistaafu zamani kuongoza shule ya msingi, lakini ama hakuna aliyemwambia, ama aliambiwa akakataa kusikia. Mji mzima bado unamwita Direkteri, na sidhani kama kuna mtoto mtaani anayejua kwamba ana jina lingine.

Mimi ni piloti wa boti ya mbao yenye moteri. Naondoka Baraka jioni, nafika Uvira kunapokucha, ili wamama wawahi soko na unga wao wa muhogo, mawese yao ya Kilembwe na maharagwe yao ya Lubondja. Tunasafiri usiku kwa sababu usiku ziwa hutulia. Direkteri naye huvua usiku. Ugomvi wetu wote uko hapo, nami nitaueleza, ila kwanza mjue huyu mtu yukoje nchi kavu, maana nchi kavu ni mtu mwingine kabisa.

Nchi kavu, Direkteri ana wazimu wa kutaka kila mtu aonekane. Kila asubuhi husimama kando ya barabara mbele ya nyumba yake, filimbi ya shule shingoni, akiwapanga watoto: mstari mmoja, upande ule yanakotokea magari, shati jeupe juu, sweta ndani ya mfuko hata kama kuna baridi. Mwenye pikipiki akipita magharibi bila taa ya mbele atasimamishwa na kuhubiriwa mpaka abiria wake ashuke na kwenda kwa miguu. Siku moja alimsimamisha padiri. Padiri, ambaye naye alipita mikononi mwake darasani, alishuka kwenye pikipiki, akaweka mikono nyuma na kusikiliza somo mpaka mwisho.

Kamba ya kuanikia nguo nyumbani kwake ameifunga vitambaa vyeupe, mtu asije akajikata shingo usiku. Mawe yanayozunguka shimo la takataka ameyapaka chokaa. Kwenye matanga ya mama mmoja wa mtaani, watu wakiwa bado wanalia, alisimama akatangaza kwamba wanaorudi nyumbani gizani wasivae nguo nyeusi barabarani, na aliyevaa ageuze ndani nje kama bitana ni nyeupe. Wageni kutoka Fizi walidhani amelewa. Sisi tuliomzoea tuliinamisha vichwa tu, na wawili watatu, naapa, waligeuza nguo zao.

Darasani alikuwa na msemo wake mmoja wakati wa kuita majina: "Kama sikuoni, hauko." Nilikuwa mdogo wa umbo, nikakaa nyuma ya mvulana mwenye mgongo mpana kama mlango wa kanisa. Direkteri akaita jina langu. Nikaitika. Akaita tena, nikaitika kwa nguvu zaidi, darasa likacheka. Akaandika kwamba sipo. Nilipolalamika akaniambia, "Sauti si mutu," na jioni ile baba yangu akanichapa kwa kosa la kutoroka shule ambayo nilikuwa nimekaa ndani yake tangu asubuhi. Tangu siku hiyo nilikaa mbele, na maneno hayo sikuyasahau. Niliyaweka akiba.

Sasa mchukue huyo mtu wa chokaa na vitambaa vyeupe, mpeleke ziwani, uone anavyogeuka.

Kwetu ndagala, wale dagaa wadogo, huvuliwa kwa taa. Ekipe ya wavuvi hufunga mitumbwi yao pamoja, hutandaza wavu, hutundika taa juu ya maji, halafu husubiri. Ndagala huufuata ule mwanga kutoka chini, na ekipe hulinda mwanga wake kama mtu anavyolinda shamba lake. Ukiwasha taa yako karibu, unawavuta ndagala wao, na wewe ni mwizi. Nimeona watu wakipigwa makasia kwa jambo hilo. Ila kuna samaki mkubwa zaidi, mukebuka, ambaye huja kuwala wale ndagala, na yeye haingii kwenye mwanga. Hukaa pembeni, pale mwanga unapoishia na giza linapoanza. Hapo ndipo mzee mwenye ndoano na mtumbwi mdogo hujiegesha. Ekipe humvumilia kwa sharti moja tu, asiwashe kitu chochote.

Sisi mapiloti nasi tuna namna yetu ya kulisoma ziwa. Penye taa pana watu, kwa hiyo tunapakwepa. Penye giza ndiyo barabara yetu. Na kwenye barabara hiyo, kimya, ndani ya mtumbwi uliopakwa lami, ndimo anamokaa mwalimu wangu.

Nilimwambia kwa upole mwanzoni. Sawa, ukivua usiwashe, nimeelewa, lakini ukiwa njiani kwenda na kurudi washa hata kitaa kidogo. Akanijibu kwamba taa inayotembea huwavuta ndagala nyuma yake, kama mama anayepita na sufuria ya wali mbele ya watoto wenye njaa, na kwamba hawezi kuwafanyia wenzake hivyo.

"Mi niko mugeni pale," akaniambia. "Mugeni hawashake taa mu nyumba ya benyewe."

Alilisema hilo kwa sauti ileile aliyokuwa akitusomea sheria za shule. Utamjibu nini mtu ambaye anataka kufa kwa adabu?

Nilijaribu vitu. Nilimletea tochi ya kuvaa kichwani, nzuri, ya kuchaji kwa jua. Akanishukuru sana, akamvika mlinzi wa parokia. Nilimtafutia kizibao cha watu wanaotengeneza barabara, kile chenye mistari inayong'aa ukikimulika. Akakipenda mno. Anakivaa kila asubuhi akiwapanga watoto, na jioni anakitundika msumarini kabla ya kwenda ziwani, ati kisilowe. Mwisho nikampelekea rangi nyeupe iliyobaki tulipopaka boti, nikamwomba aupake mtumbwi wake. Alikubali mara moja, nikashangaa. Kesho yake nikaenda kuutazama. Nje ulikuwa mweusi vilevile. Ameupaka ndani.

"Sasa naona samaki bizuri," akasema, amefurahi kabisa.

Nilikaa kwenye mchanga.

Kosa lake, ukilichunguza, ni moja tu na limekaa kichwani mwake kama msumari: anaamini kwamba kwa kuwa yeye ananiona, basi nami namwona. Boti yangu ina taa mbele, ina moteri inayonguruma, hata kiziwi aliyelala angeijua. "Mi nakuona tangu mbali," ananiambia, "we unashindwa namna gani kuniona?" Nimemweleza mara zisizohesabika kwamba mwenye taa ndiye kipofu, kwamba mwanga wangu unamulika pua ya boti na baada ya hapo ni ukuta mweusi. Anatikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba nimekosea kugawanya. Nafikiri ni ile kazi yake. Mtu akisimama mbele ya watoto maisha yake yote, macho yote juu yake, hata mgongo wake unatazamwa akiandika ubaoni, hawezi tena kuamini kwamba kuna mahali duniani ambapo hakuna anayemwona.

Siku moja, nilipombana sana, alitoa ahadi. Atakuwa akiimba. Akisikia moteri yangu ataimba wimbo wa kanisa kwa nguvu zote, na sauti yake mnaijua, akasema. Hapo nikaitoa akiba yangu ya miaka yote ile.

"Direkteri," nikasema, "sauti si mutu."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Akanishika bega, akasema kweli nilikuwa nasikiliza darasani. Nikarudi nyumbani nimeshinda. Jioni iliyofuata nilimwona kupitia matete akiteremka ziwani, kasia begani, koti jeusi, kofia nyeusi, bila hata kiberiti mfukoni.

Na kitu kinachoniudhi zaidi ni kwamba siwezi hata kumchukia vizuri. Kila ninapopakia, yeye hushuka pwani, mikono nyuma, na kumkagua abiria mmoja mmoja. Hakuna mama anayepanda boti yangu bila kufunga jile, kile kizibao cha kuelea, mbele ya macho yake, kamba zote. Wale Warundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda wanaosafiri nami wanamjua, na wanafunga kabla hajasema. Tajiri mwenye boti anamchukia kwa sababu tunachelewa, lakini kuna usiku upepo ulitushika, tukamwaga magunia majini, na hakuna mtu aliyekufa. Nilimwambia hivyo Direkteri. Akauliza kama mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga jile yangu. Nilikuwa nimeikalia. Nilihubiriwa mpaka chai ikapoa.

Ukimuuliza jile yake yeye iko wapi, anasema inabana mkono wa kurusha ndoano.

Kisha ukaja ule usiku wa mwaka jana, msimu wa mikebuka, mbalamwezi hakuna. Boti ilikuwa imejaa, wamama wamelala juu ya magunia. Nilikuwa nimezipita taa za ekipe upande wa kulia, mbele yangu giza safi, nikaongeza moteri. Mtu wangu anayekaa mbele akapiga kelele, "Mutu." Neno hilo tu. Nilizima moteri na kukata kona mpaka magunia yakateleza, kisha nikasikia ubao ukigusa ubao. Si kwa nguvu. Lakini nilikisikia kile kishindo kwenye meno yangu.

Tulipomulika tulimkuta ndani ya maji, ameushika mtumbwi wake uliopinduka, kofia bado kichwani. Ule weupe wote niliompa ulikuwa umetazama chini, unawamulikia samaki. Tukamvuta ndani akitiririka maji. Aliangalia abiria huku na huku na neno lake la kwanza likawa hili:

"Bamama bote bako na jile?"

Wakamjibu kwamba ndiyo, Direkteri. Ndipo akanigeukia akaanza kunigombeza kuhusu mwendo. Mimi nilienda nyuma, kwenye madumu ya mafuta, nikatapika. Usiku kucha nilichokuwa nakiona ni mlango wa ule ua wa matete, mimi nimesimama nje yake asubuhi na mapema, na mkewe, Mama Direkteri, anakuja kunifungulia.

Niliporudi Baraka sikwenda kwake yeye. Nilikuwa nimemaliza maneno ya kumwambia. Nilikwenda kwa mkewe. Nilimkuta uani anachagua maharagwe kwenye ungo, nikamwambia yote bila kuzunguka.

"Mama, mi sitaki kuuwa Direkteri," nikasema. "Kama haiko namna, nitaacha kazi ya boti."

Mama Direkteri ni mtu wa Lubondja, mtu wa mashamba. Ameolewa hapa kando ya ziwa akiwa msichana na hadi leo maji ya ziwa hayajawahi kumpita vifundo vya miguu. Nguo anafulia kwenye bomba, hata foleni iwe ndefu vipi. Mashua ikipita karibu anasogea nyuma, yeye aliye nchi kavu. Mumewe akiwa ziwani hulala amekaa. Alinisikiliza huku anatupa kokoto pembeni.

"Ye haogopake juu yake," akasema. "Iko anaogopa tu juu ya batu bengine."

Akarudia maharagwe yake. Nilidhani amekata tamaa kama mimi, nikaondoka na hasira zangu zote.

Yaliyofuata sikuyaona, niliyasikia pwani kwa watu waliokuwa wakitengeneza nyavu, na wote wanayasimulia sawasawa. Jioni moja Direkteri alifika kwenye mtumbwi wake akamkuta mke wake amekaa ndani, kilemba kimefungwa, blanketi magotini. Akamuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda naye. Direkteri akacheka, kisha akaacha kucheka. Akamweleza upepo, akamweleza mamba, akamkumbusha magoti yake mabovu. Mama alikuwa ameshika ubao, anatazama miguu yake. Jua likazama. Taa za ekipe zikaanza kuwaka moja baada ya nyingine kule mbele na mzee wa watu anazunguka mtumbwi wake kama kuku aliyenyang'anywa kiota.

Mwisho akapanda nyumbani kwa haraka. Aliporudi alikuwa na taa mkononi, ile kubwa ya sebuleni, na jile. Akamvika mama ile jile, akafunga kamba, akafungua, akafunga upya. Taa akaitundika kwenye mti aliousimamisha katikati ya mtumbwi. Watu wa pwani waliacha kazi wakamtazama.

Miaka yote hiyo, jamani. Miaka yote hiyo nimebembeleza, nimenunua tochi, nimebeba rangi, na huyu mtu alikuwa anajua vizuri kabisa taa inatundikwaje. Niliposikia nilikasirika kuliko usiku ule wa kumgonga. Nilipiga teke dumu, kidole kikavimba.

Bila shaka kuna gharama. Mwenye taa hawezi kukaa pembeni mwa taa ya wenzake, kwa hiyo sasa anavua peke yake, karibu na ufuko, anapata ndagala wa kujaza sahani, na mikebuka amebaki kuwahadithia. Analalamika kwa kila anayesimama kumsikiliza. Anasema mama uzeeni amepata ugonjwa wa kupenda ziwa, hakosi hata jioni moja, na mtu aliyeoa hawezi kumkataza mke wake upepo.

"Mpaka iko analala mule ndani," aliniambia kupitia matete, nusu kwa manung'uniko nusu kwa majivuno. "Analala kama mutoto."

Nilimuuliza kama yeye naye siku hizi anavaa jile. Akasema imebaki moja tu nyumbani, na kwamba redio imeanza.

Majuzi nilikuwa natoka Baraka na mzigo wa kawaida. Ekipe zilikuwa mbali, zimejipanga upande wa Ubwari. Karibu na ufuko kulikuwa na taa moja, peke yake, inayumba kidogo. Niliijua. Nikapunguza moteri nikasogea nimsalimie, maana pamoja na yote hayo ni mwalimu wangu. Alikuwa amekaa nyuma ya mtumbwi na kasia lake, koti lilelile jeusi. Aliponiona aliinua kiganja, vile alivyokuwa akilinyamazisha darasa.

"Polepole na moteri, Piloti," akanong'ona. "Mama iko analala."

Ili niamini, akaichomoa taa kwenye mti wake na kuisogeza mbele, juu ya mama. Yeye mwenyewe akabaki gizani.

Mama Direkteri alikuwa amempa mumewe mgongo, blanketi mabegani, jile imefungwa mpaka kidevuni. Macho ameyafumba. Lakini chini ya pindo la blanketi, mahali ambapo mtu aliyekaa nyuma hawezi kupaona, mikono yake miwili ilikuwa imeukamata ubao wa mtumbwi. Kila wimbi langu lilipoufikia mtumbwi, vile vidole vilibana zaidi, na midomo yake ilikuwa ikisali. Huyu mzee anayejisifu kwamba ananiona tangu mbali alikuwa ameshika taa juu ya mke wake, anatabasamu, na haoni kitu.

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Mama akafumbua jicho moja, akanitazama sana, akalifumba tena.

"Sawa, Direkteri," nikasema.

Nikazima moteri kabisa, tukaelea tukiondoka taratibu. Ndani ya boti wamama wakaanza kuulizana kuna nini, mbona tumesimama, mafuta yameisha? Nikawaambia wanyamaze, kuna mama amelala.